Jani la Isale kwa Mheshimiwa

Watu wa Nkoalero walikuwa na adabu nyingi sana kwa mwizi wao. Walimpigia vigelegele, walimpisha kwenye benchi la mbele kanisani, na akina mama walimchagulia ndizi zilizoiva vizuri. Jina lake Ezra Urio, diwani. Kila mtu kijijini alijua kwamba bomba la maji alilowazindulia lilitoa maji siku moja tu, siku ya uzinduzi, kwa sababu tangi lilijazwa alfajiri na boza la maji lililopanda kutoka Usa River. Boza lenyewe lilipita mbele ya nyumba zao likiunguruma kama ng'ombe aliyebanwa na ndama. Waliliona. Kisha wakavaa nguo nzuri wakaenda kupiga makofi.

"Anakula, lakini anatukumbuka," walisema. Ukiwauliza anawakumbuka kwa lipi, wanakuonyesha bati la kanisa, fulana za kampeni, na sukari anayoleta msibani. Mtu akishachukua ng'ombe wako akakurudishia mkia, Nkoalero wanamwita mkarimu.

Aliyeiharibu adabu hiyo alikuwa Brenda, binti wa Aminieli Kaaya. Brenda alitangaza kipindi cha asubuhi katika redio ndogo ya Usa River, chumba kimoja juu ya duka la pembejeo. Jumatatu ile alilitaja boza hewani. Akaeleza jinsi mabomba yalivyoishia kichakani bila kufika kwenye chemchemi. Halafu akamtaja diwani kwa jina, na la ukoo juu.

Kufika Alhamisi jioni, wajumbe walikuwa wamesimama kwenye kihamba cha baba yake, shamba la migomba linaloizunguka nyumba.

*

"Hodi hapa, Baba Brenda."

Aminieli alikuwa anakatakata mgomba wa ng'ombe. Hakuacha. "Karibuni. Benchi hilo hapo, lina mguu mbovu, kaeni kwa imani."

Walikuwa wawili. Ebenezer, mzee wa kanisa, ndiye aliyeendesha mnada wa sadaka kila Jumapili baada ya ibada. Yule mtu angeweza kumuuza jogoo kipofu watu wakamgombania. Pamoja naye alikuja Elizabeth, ambaye wote walimwita Mama Lucky, mwenyekiti wa akina mama wa usharika. Mlima mzima haukuwa na kigelegele kirefu kama chake. Siku ya uzinduzi yeye ndiye aliyechaguliwa kutwishwa ndoo ya kwanza, akapigwa picha, akapewa khanga.

"Hatujaja kwa ubaya," Ebenezer alianza.

"Waliokuja kwa ubaya huwa wanasema?"

"Tumetumwa tu."

"Najua mmetumwa. Mngekuja kwa miguu yenu, mngeanza kunisalimia."

Mama Lucky alicheka kidogo, akajizuia. "Shikamoo, Baba Brenda."

"Marahaba. Haya, toeni mzigo."

Ebenezer aliutoa. Mheshimiwa hakukasirika, alisema. Ameumia tu. Yeye ni mtoto wa mlima huu, na mtoto wa watu akitukanwa redioni wazazi hawawezi kukaa kimya. Kwa hiyo wazee wamekaa, wameona Jumapili Aminieli alete jani la isale mbele ya usharika, na Brenda aseme kwa mdomo wake kwamba alipotoshwa. Mambo yaishe kimila na kikanisa.

Kwa watu wa mlima ule, jani la isale si majani tu. Ukimkosea mtu ukampelekea isale, hana ruhusa ya kukataa msamaha. Akilipokea, kesi imekufa, na anayeifufua laana ni yake.

"Amesema uongo?" Aminieli aliuliza.

"Nani?"

"Mtoto wangu. Boza halikupita?"

Ebenezer akatazama viatu vyake. Mama Lucky akafunga khanga yake upya, ingawa haikuwa imelegea.

"Baba Brenda, si habari ya uongo na ukweli," Ebenezer akasema. "Ni habari ya amani. Huyu bwana akituacha, nani atatununulia sadaka? Jumapili iliyopita kanunua papai moja kwa bei ya mbuzi!"

"Papai la nani?"

"Langu," akasema Mama Lucky, taratibu.

"Basi lilikuwa na maji kuliko bomba lake."

Huyu mama alicheka tena, safari hii kwa nguvu, hadi Ebenezer akamkata jicho. Walipoondoka, mzee wa kanisa aligeuka kwenye geti la miti. "Fikiria, ndugu yangu. Uko peke yako. Mjane wa kiume hana wa kumtetea."

Aminieli alibaki ameshika panga. Maneno hayo hayakumtisha. Yalimkera tu, kwa sababu upweke wake nao ulikuwa na mwenyewe wa kuulizwa. Ruth, mkewe, alikufa kwa homa ya matumbo msimu wa masika baada ya uzinduzi. Alikuwa amekunywa maji ya mfereji kama wenzake wote, maji yanayoteremka kupitia mazizi na mashamba yanayopuliziwa dawa, huku bomba jipya linang'aa mita chache kutoka mlangoni. Mheshimiwa alikuja mazikoni na mfuko mzima wa sukari. Watu walimsifu.

*

Brenda alikuwa jikoni na alisikia kila neno. Alikuja na bakuli la loshoro, mahindi laini ya maziwa mgando, akaliweka mbele ya baba yake.

"Baba, nitaomba radhi."

"Kwa nani?"

"Kwa yeyote. Bosi Frederick kanisimamisha." Alikaa kwenye lile benchi bovu. "Frederick anasema diwani kampigia, na watu wa matangazo nao wamepiga. Anasema, 'Brenda, watu wote wa kipindi chako hawana majina. Mkazi mmoja, dereva mmoja, mama mmoja. Kesho wakituburuza mahakamani, nitamleta mkazi mmoja kutoka wapi?' Amenipa mpaka Jumatatu. Nilete mtu mwenye jina lake kamili, aseme aliona, na sauti yake irushwe. La sivyo niombe radhi, au nisirudi."

"Mimi nina jina."

"Wewe ni baba yangu. Kasema baba hahesabiki."

Aminieli alikula kijiko, akatafuna zaidi ya loshoro inavyohitaji kutafunwa.

"Umewaomba wangapi?"

"Wote, Baba! Wote wananiambia. Wananisimamisha njiani, wananishika mkono, 'hongera mwanangu, umetusemea.' Nikitoa simu nirekodi wanaanza kukohoa. Dereva wa boza kabadilisha namba. Mama Lucky alinieleza mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba wakati anatwishwa ile ndoo aliliona boza nyuma ya shule linakunja mpira. Nikamwambia, mama, sema hivyo hivyo. Akasema, 'Andika mkazi mmoja.'"

Alikuwa karibu kulia, na hakuwa mtoto wa kulia. Kazi ile ilikuwa ndiyo inayoiendesha nyumba tangu mama yake afe, lakini kilichomuuma hakikuwa mshahara. Alikuwa amewasemea watu, na watu wamemwacha amesimama peke yake kama mlingoti.

"Hawa watu si wabaya," Aminieli alisema. "Wamefundishwa kushukuru vibaya. Mkubwa akiwaibia kwa mabavu watapiga kelele. Huyu anawaibia kwa makofi. Sasa sikiliza. Jumapili nitapeleka isale."

"Baba!"

"Nitapeleka. Na wewe utakuja, na simu yako iwe na chaji. Mengine niachie mimi. Darasa la nne niliishia, lakini mnada wa sadaka nimesimama miaka yote."

*

Jumamosi Ebenezer alimchukua hadi Njiro, mtaa wa wenye fedha mjini, kwa Mheshimiwa, kupeleka taarifa kwamba jani litakuja. Ndivyo inavyotakiwa, mkosaji atangulize neno.

Mlinzi aliwaacha nje ya geti juani, akawauliza kama wana miadi, akaingia, akatoka, akawauliza tena majina. Ebenezer alikuwa amevaa suti ya Krismasi. Jasho lilimtiririka naye akasema jua la Njiro ni la kistaarabu.

Walipoingia hawakuvushwa baraza. Waliwekewa viti vya plastiki karibu na gari. Msichana wa kazi alikuwa anamwagilia nyasi kwa mpira, akauacha chini, maji yakawa yanatiririka juu ya vitofali vilivyopangwa vizuri hadi kwenye mtaro. Hakuna aliyekwenda kuyafunga. Aminieli aliyaangalia mpaka macho yakamuuma. Maji meupe kama machozi ya mtoto, yanakwenda kulisha mtaro.

Ezra Urio alitoka mikono wazi. Hakuwa mtu wa dharau, na hiyo ndiyo iliyokuwa hatari yake. "Wazee wangu! Shikamooni!" Akawapa soda, akamshika Aminieli begani. "Mzee wangu, mimi sina kinyongo. Sitaki polisi, sitaki mahakama. Brenda ni mdogo wangu. Hawa vijana wa redio wanatumiwa. Aseme tu amepotoshwa, mimi mwenyewe nitamtafutia kazi nzuri mjini, kazi ya ofisini, aache kuhangaika na maikrofoni. Mama yake nilimzika mimi."

"Sukari yako nakumbuka," Aminieli alisema.

"Si umeona? Sisi ni watu wamoja."

Aminieli alizungusha macho uani. Ukuta, nyaya juu yake, maua ya kununua kwenye vyungu. "Mheshimiwa, hapa kwako hakuna hata shina moja la isale?"

Ezra alicheka kwa raha. "Mzee! Hii ni Njiro."

"Kwa baba yako yalizunguka kihamba kizima. Sasa ukimkosea mtu, jani unakata wapi?"

"Nimkosee nani mimi, mzee wangu?"

Ebenezer naye akacheka, kwa sauti ya mnadani, kama vile hoja imeuzwa. Aminieli aliinua soda, akainywa hadi mwisho, akashukuru. Njia nzima ya kurudi alikuwa mtulivu kiasi cha kumtia Ebenezer furaha. "Umekuwa mtu mzima leo," Ebenezer alimwambia.

"Nilikuwa mtu mzima zamani," Aminieli akajibu. "Leo nimepumzika tu."

*

Jumapili ibada iliisha, watu wakatoka nje kwenye majani, mbele ya meza ya sadaka. Pale kulikuwa na mikungu ya ndizi mshare, mayai, parachichi, debe la maharage, na kuku wawili waliofungwa miguu. Asiye na fedha hutoa alichovuna, na mwenye fedha hununua kwa ajili ya Bwana. Kila kilichowekwa mezani lazima kiuzwe, kwa kuwa sadaka haikataliwi. Na usharika ule ulikuwa na desturi yake: anayenunua kikapu hukifungua palepale, akaonja kilichomo mbele ya watu, ndipo mtoaji anapigiwa makofi na kikapu kinahesabika kimepokewa.

Katikati ya meza kilikaa kikapu cha Aminieli, kimefunikwa kwa jani la mgomba lililofungwa kwa kamba ya gome. Juu yake lilichomekwa jani la isale, bichi, refu. Alikuwa amelikata alfajiri kaburini kwa Ruth.

Watu waliliona, na umati mzima ukashusha pumzi. Amani imekuja. Mchungaji mwenyewe alitabasamu. Brenda alisimama kando, simu mkononi, uso umekauka.

"Bwana Yesu asifiwe!" Ebenezer akanguruma.

"Amina!"

"Leo tuna kikapu cha heri! Mzee wetu Aminieli Kaaya ametoa sadaka, na juu yake, macho yenu yaone, kaweka isale! Nani anaanza?"

Hakumaliza. Mheshimiwa alikuwa amekwisha kusimama, amefungua koti. Alilisubiri jambo hili wiki nzima. "Kikapu hicho msinadi," alisema. "Sitaki kujua kina nini. Kwa ajili ya upendo, nakinunua kilivyo. Laki tano!"

Wacha vigelegele! Mama Lucky alikipandisha cha kwake mpaka kunguru wakaruka kwenye mnara wa kengele. Ezra alihesabu noti akaziweka kwenye sahani, akashika kikapu, akakiinua juu, akageuka huku na huku wampige picha. Kikawa kizito kuliko alivyodhani. Akakishusha, akachomoa lile jani la isale kwa heshima, akalibana chini ya kwapa, akakata kamba.

Ndani mlikuwa na chupa kubwa ya kioo, ile aliyokuwa Ruth akigandishia maziwa. Imejaa maji. Maji ya mfereji, rangi ya chai iliyotiwa maziwa ya ubahili, na kitu chembamba kinaogelea karibu na mfuniko.

Kwa muda hakuna aliyeelewa. Na mdomo wa Ebenezer, ambao kwa miaka umesema maneno yale yale kila Jumapili bila kumuuliza mwenyewe, ukasema:

"Aliyenunua anaonja!"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Wengine wakafuata, kisha wote wakageuka kumtazama Mheshimiwa.

Ezra alijaribu. Yeye ni mwanasiasa, kujaribu ni kazi yake. "Eh, Mzee Aminieli kaniletea maji ya baraka!" Hakuna aliyecheka. Aliinua chupa kwenye mwanga, na kile kitu chembamba kikajikunja. Aliirudisha mezani haraka, akafuta vidole kwenye suruali. "Jamani, tusifanye mzaha na nyumba ya Mungu. Maji gani haya? Haya hata mbwa wangu hanywi!"

"Tunakunywa sisi."

Sauti haikuwa ya Aminieli. Ilikuwa ya Mama Lucky. Aliisema kama mtu anayemsahihisha mtoto, bila hasira, khanga yake ya uzinduzi begani. Inawezekana hakukusudia kuisema. Lakini ikishatoka haina kamba ya kuirudishia.

"Mama Lucky..." Ebenezer alianza.

"Si anauliza maji gani? Ndiyo haya. Leo asubuhi nimepikia chai."

Mheshimiwa akamgeukia Aminieli. Tabasamu lilikuwa bado liko usoni, limesahauliwa pale kama fulana ya kampeni juu ya uzio. "Mzee, umenileta hapa kunidhalilisha. Sasa hili isale ulilonipa la nini? Umeniomba msamaha, au hukuniomba?"

"Sikukupa," Aminieli alisema. Hakupaza sauti. "Umelichomoa mwenyewe. Nilikuuliza jana, ukimkosea mtu jani unakata wapi, ukaniambia hiyo ni Njiro. Basi nikakuletea. Limetoka kaburini kwa Ruth. Ni la kwako, Mheshimiwa, ulitumie. Watu hawa hapa. Mila ni mila, hakuna atakayekukatalia."

Lile jani lilikuwa bado limebanwa kwapani. Angelitoa akainamisha kichwa, pengine wangemsamehe palepale na vigelegele juu, maana watu wale walikuwa wepesi wa kusamehe kuliko wa kukumbuka. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini mtu aliyezoea kuombwa hajui kuomba. Ezra Urio alilitazama jani, akawatazama watu, akaliweka juu ya meza polepole kama kitu kinachoweza kuuma. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye sahani ya noti.

"Ah ah," Ebenezer akasema, na hii aliisema akijua anachosema. "Sadaka hairudi, Mheshimiwa."

Gari liliwashwa. Hakuna aliyelisindikiza. Liliteremka njia ya Usa River peke yake, vumbi likabaki.

*

Mnada uliendelea, kwa kuwa kuku hawawezi kulala wamefungwa miguu. Lakini uliendelea kwa sauti ya chini. Watu walinunua parachichi bila kutazamana.

Aminieli alichukua jani lake. Binti yake alimkuta amekaa kwenye ngazi za kanisa, chupa kati ya miguu.

"Sasa nifanyeje, Baba? Nimerekodi yote. Lakini Frederick atasema ni kelele za kanisani. Anataka mtu. Mtu aseme aliona."

"Subiri kidogo."

"Nisubiri nini?"

"Nimesema subiri. Ulishawahi kuona maji ya mfereji yanafunguliwa? Kwanza mtaro unakunywa, unakunywa, unadhani hayatafika."

Mama Lucky alikuwa anakuja. Alikuja kwa kuzungukazunguka, akasimama kumsalimia huyu, akainama kuokota kisichookoteka, hatimaye akafika. Aliivua ile khanga ya uzinduzi, akaikunja vizuri, akaikalia.

"Mwanangu, hiyo simu yako inafanya kazi?"

"Inafanya, mama."

"Iwashe." Akasafisha koo. Nyuma yake walikuwa wamesogea wanawake wawili, na Ebenezer katikati yao na suti yake ya Krismasi, anajifanya anatafuta kofia.

Brenda aliwasha. Akaisogeza karibu na yule mama. "Mama, nikutaje vipi? Niseme Mama Lucky, au niseme mkazi mmoja wa Nkoalero?"

"Mkazi mmoja ndiye aliyepiga vigelegele," alisema yule mama. "Mimi naitwa Elizabeth Nanyaro. Ndoo ya kwanza nilitwishwa mimi, na boza nililiona."